Barua ya wazi kwa diwani wetu: itisha kamati ya mazingira

Mheshimiwa Diwani, shikamoo. Naandika hapa hadharani kwa heshima zote, maana ofisini tumeshaacha ujumbe mpaka tumechoka.

Mvua ya juzi imeondoka na choo changu na kipande cha ukuta wa jiko. Korongo limesogea mheshimiwa, wakati najenga palikuwa na nafasi lori linageuza, leo mama yangu mzee hatoki nje usiku bila kushikwa mkono na watoto nimewapeleka kwa shangazi yao Chang'ombe, hela ya tofali sijui naitoa wapi.

Sisi tunaona ni mafuso ya mchanga. Yanaingia alfajiri yanachimba kwenye kingo kabisa, na tangu Serikali ihamie Dodoma ujenzi hauishi, mchanga umekuwa hela. Labda na mitaro ya barabara inatumwagia maji yote huku kwetu. Mvua zetu ni Desemba mpaka Aprili tu, lakini zikija zinakuja kwa mkupuo.

Sasa Sheria ya Mazingira ya 2004 imeweka kamati za mazingira mpaka ngazi ya kata na mtaa. Hao wajumbe ndio wanajua korongo limekula wapi na fuso linapita njia gani, afisa mazingira peke yake atazunguka wapi na wapi? Sheria hiyohiyo inazuia shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu ukingo ndani ya mita 60 toka ukingo wa mto. Wapo watakaosema korongo sio mto kwa sababu kiangazi ni kavu, waje Februari wasimame pale ukingoni. Na kama ni viwanja vyetu ndio vimekaa vibaya, basi kamati ingesikilizwa kabla hatujapimiwa na kulipia.

Wakati wa kampeni ulisimama chini ya mbuyu ukasema kamati itakutana kila robo mwaka. Wajumbe wapo, tunawajua kwa majina, hawaitwi! Barua waliyoandika kuhusu mafuso hatujasikia imesomwa kikao gani, na wewe ndio mlango wetu wa kuingia baraza la madiwani, hatuna mwingine.

Leo sikuombi fidia wala daraja. Itisha kikao, mheshimiwa. Wiki hii, kabla mvua nyingine haijashuka, na wenye mafuso waitwe wakae mbele ya kamati wajibu. Kikao tu. Mwenyekiti wa mtaa ameshakubali, viti tutaleta wenyewe.

Mkazi wako wa kando ya korongo