Kwa rafiki yangu wa Nakuru, kuhusu kituo cha CMT

Nashville, Tennessee

Rafiki yangu mpendwa,

Barua yako imenifikia salama, nami nimefurahi sana kusikia kwamba mama amepata nafuu na kwamba mvua imenyesha kwa wakati wake. Sisi huku hatujambo. Umeniuliza swali ambalo nimekaa nalo siku kadhaa: imekuwaje kituo cha televisheni kilichoanzishwa kwa ajili ya video za muziki wa kantri, tena hapa hapa nyumbani kwa muziki huo, kikawa leo kinazionyesha nyimbo kwa saa chache tu, na saa nyingine zote kinaonyesha mambo mengine? Naomba uniwie radhi nikikujibu kwa urefu. Mimi na wewe tulimjua Jim Reeves na Dolly Parton kwa masikio, kupitia redio ya marehemu baba yako, na nyuso zao tulizijua kutokana na majalada ya santuri peke yake. Kwetu sisi, kituo cha kumwonyesha mwimbaji akiimba mchana na usiku kingekuwa neema kubwa.

Kituo hicho kilianza tarehe 5 Machi 1983 kwa jina la CMTV, yaani Country Music Television. Mwanzilishi wake alikuwa Glenn Daniels, na kazi ilifanyika Hendersonville, mji ulio kando ya ziwa, mwendo mfupi kwa gari kutoka ninapoishi. Siku mbili baadaye kilizinduliwa kituo kingine cha kantri, The Nashville Network, ambacho watu walikiita TNN. Hicho cha pili kilikuwa na ukwasi zaidi, na kilijengwa juu ya vipindi vya mazungumzo, mashindano ya maswali na maonyesho ya jukwaani. CMTV kilikuwa na video tu. Video yake ya kwanza ilikuwa ya Faron Young, na wimbo wenyewe, "It's Four in the Morning", ulikuwa umeongoza chati za kantri mwaka 1972. Kituo kipya kabisa kilifungua milango kwa wimbo uliokuwa na umri wa zaidi ya miaka kumi! Mimi naliona jambo hilo kuwa ushahidi wa jinsi akiba ya video za kantri ilivyokuwa ndogo siku zile. MTV, kituo cha video za muziki kilichokuwa hewani tangu Agosti 1981, kililalamika kwamba jina la mwenzake lilifanana mno na lake, na kwa hiyo herufi ya mwisho ikaondolewa. Hivyo ndivyo kilivyopata jina la CMT.

Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 1991, kampuni ya Gaylord, iliyomiliki pia TNN na jukwaa la Grand Ole Opry, iliposhirikiana na kampuni ya utangazaji ya Group W kukinunua kwa dola milioni 34. Kuanzia hapo mwimbaji wa kantri hakuweza tena kutegemea redio peke yake. Mwaka uliofuata Billy Ray Cyrus alijulikana kwa sura na kwa mtindo wa kucheza sawasawa na alivyojulikana kwa sauti, na miaka mitatu baadaye ikawa zamu ya Shania Twain, mwanamke kutoka Kanada ambaye video zake zilimfikisha mahali ambapo sauti peke yake, nadhani, ingechelewa kumfikisha.

Lakini mwenye mlango ndiye huamua nani aingie, na hili ndilo hasa nilitaka kukueleza. Mwaka huo huo wa 1991, mwimbaji wa kantri Garth Brooks alitoa video ya wimbo wake "The Thunder Rolls", ambamo yeye mwenyewe aliigiza mume anayempiga mkewe, mpaka mke anamwua. CMT na TNN viliipiga marufuku. Miezi michache baadaye, Chama cha Muziki wa Kantri kiliipa video hiyo hiyo tuzo ya video bora ya mwaka. Nilipoisoma habari hiyo nilisikitika, kwa kuwa wanawake wengi waliokuwa wakipigwa majumbani mwao wangeiona hali yao ikisemwa waziwazi, kwenye kituo walichokiamini.

Kisa cha Kanada nacho kinafundisha mengi. Huko CMT kilikuwa kimeruhusiwa tangu mwaka 1984, lakini kwa sharti kwamba kingeweza kuondolewa siku ambayo wenyeji wangepata kituo cha namna hiyo. Siku hiyo ilifika: tarehe 1 Januari 1995 kikaondolewa kwenye kebo za Kanada, na nafasi yake ikashikwa na kituo cha wenyeji. CMT kilijibu kwa kuacha kuonyesha video za wasanii wa Kanada wasiokuwa na mikataba na kampuni za Marekani, na serikali ya Marekani ikatishia kuiwekea Kanada vikwazo vya biashara. Ugomvi ulimalizika mwaka 1996, CMT kilipopewa hisa katika kituo hicho cha Kanada, nacho kikachukua jina la CMT. Walioumia zaidi, kwa maoni yangu, ni wale waimbaji wadogo, ambao hawakuwa na hatia yoyote katika shauri hilo. Ulaya nako kituo kiliingia Oktoba 1992, kikafungwa mwisho wa Machi 1998.

Sasa nalijia swali lako. Mwaka 1997 CMT na TNN viliuzwa kwa wenye kituo cha televisheni cha CBS kwa zaidi ya dola bilioni 1.5, kisha Viacom, kampuni iliyomiliki MTV, ikaungana na CBS, na CMT kikajikuta katika nyumba moja na MTV, kile kile kilichowahi kukilalamikia kwa jina. TNN kilibadilishwa jina, na mwaka 2003 kikaitwa Spike, bila kantri hata kidogo. CMT kilibaki na jina lake, lakini mtazamaji wa video huweza kubadilisha kituo kila wimbo unapokwisha, ilhali kipindi cha nusu saa humshikilia, na matangazo ya biashara huenda aliko mtazamaji. Nilipofika nchi hii mwaka 2006, niliwasha televisheni kwa hamu nikitarajia nyimbo, nikakuta kipindi kuhusu wasichana wanaoshindania nafasi ya kuwashangilia wachezaji wa timu ya Dallas Cowboys. Jioni ile nilikukumbuka sana.

Hata hivyo sitaki kukinyima haki yake. Mwaka 2002 kilianzisha kipindi cha Crossroads, kinachomkutanisha mwimbaji wa kantri na wa muziki mwingine jukwaani, na hicho nimekipenda kwa dhati. Januari 2020, wakati vituo vya redio vya kantri vikilaumiwa kwa kuwasahau wanawake, CMT kilitangaza kwamba saa zake za video zitagawanywa nusu kwa nusu kati ya wanawake na wanaume. Na Julai 2023 kiliacha kuonyesha video ya mwimbaji wa kantri Jason Aldean iliyopigwa mbele ya mahakama ya Columbia, hapa Tennessee, mahali ambapo mwaka 1927 umati ulimnyonga kijana mweusi, Henry Choate. Mimi, nikiwa Mwafrika ninayepita barabara hizo, nilikishukuru kwa uamuzi huo. Wimbo wenyewe ulipanda hadi kileleni mwa chati ya Billboard wiki chache baadaye, kwa maana watu walikuwa wameshazoea kutafuta video kwenye intaneti bila kumngoja mwenye mlango.

Tuzo za CMT, ambazo zilikuwa zikitolewa kwa kura za watazamaji, hazikufanyika mwaka 2025. Ikiwa zitarudi nitakuandikia. Kwa sasa nakuomba uzitafute zile santuri za baba, uniandikie ni zipi zilizosalia na kama nyuso kwenye majalada bado zinaonekana.

Nisalimie mama na watoto wote.

Ni mimi, rafiki yako wa siku zote.