Barua ya wazi kwa Mwenyekiti wa Bodi ya Famasia ya Missouri kuhusu vyeti vya dawa kutoka Kansas

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Mimi ni mkazi wa Kansas City, upande wa Missouri, na majirani zangu waliotoka Kongo huniomba niwasindikize kwenye duka la dawa pale wanapohitaji mkalimani. Ninakuandikia kuhusu vyeti vya dawa zinazodhibitiwa, yaani zile ambazo sheria inazibana kwa kuwa zinaweza kuleta uraibu, vinavyoandikwa na madaktari wa jimbo jirani la Kansas.

Mpaka wa majimbo haya mawili unaoukata mji wetu mahali pengi ni barabara tu, State Line Road, na hospitali ya Chuo Kikuu cha Kansas iko karibu nayo kiasi cha kutembea kwa miguu. Mgonjwa wa saratani anayeishi Missouri hutibiwa huko, akaandikiwa mofini, dawa kali ya maumivu, kisha nimeshuhudia akirudishwa na mfamasia wa upande huu kwa maneno mawili tu: jimbo jingine.

Sheria ya shirikisho ya mwaka 1970 ya dawa zinazodhibitiwa haikatazi duka kuhudumia cheti kilichotoka jimbo jingine. Inachotaka ni kwamba cheti kiwe kimetolewa kwa sababu halali ya kitabibu na daktari mwenye idhini ya DEA, idara ya shirikisho inayosimamia dawa hizi, na kanuni zake zinamtwika mfamasia sehemu ya wajibu wa kulihakikisha hilo. Wala sibezi hofu ya wafamasia. Kwenye mwaka 2010 watu walikuwa wakisafiri kutoka Kentucky hadi Florida kufuata oksikodoni, dawa nyingine kali ya maumivu, katika kliniki zilizogawa vyeti kama njugu, na tangu hapo umbali kati ya mgonjwa, daktari na duka umehesabiwa kuwa dalili ya kutiliwa shaka. Ni haki. Lakini anayevuka barabara moja hajasafiri, ilhali aliyeendesha gari kutoka St. Louis, takriban kilomita 400, anwani ya daktari wake haimshtui mtu kwa kuwa ni Missouri hiyohiyo.

Jimbo letu lilikuwa la mwisho nchini kupitisha sheria ya mfumo wa jimbo zima wa kufuatilia dawa hizi, mwaka 2021. Mfumo huo ukiongezewa simu kwa daktari na uhakiki wa namba yake ya DEA, mfamasia ana njia za kuuondoa wasiwasi wake kabla ya kukataa.

Kwa hiyo ninaiomba Bodi itoe mwongozo wa maandishi, wenye lugha nyepesi, unaosema kwamba anwani ya daktari katika jimbo jingine peke yake si sababu ya kukataa cheti; kwamba mfamasia anayekataa amweleze mgonjwa sababu; na kwamba, pale cheti kilipotumwa kwa kompyuta, duka likihamishie duka jingine mgonjwa akiomba, kama kanuni ya DEA ya mwaka 2023 inavyoruhusu, kwa mara moja tu kwa kila cheti, katika majimbo ambayo sheria zake hazizuii. Mwongozo huo ubandikwe pia mahali wateja wanapoweza kuusoma, na ukipatikana kwa Kiswahili nitashukuru zaidi.

Wako mtiifu,
Mkazi wa Kansas City, Missouri