Usitoe hela ya stelingi boksi kwanza

Arusha

Kaka Hamisi,

Habari za Tanga? Huku baridi imeanza kuuma, lakini sote wazima. Mzee mfikishie shikamoo yangu.

Umesema Landrova yako ikifika spidi ya 50 usukani unatetemeka mikononi, na fundi ameshakutajia bei ya stelingi boksi, ile gia iliyo chini ya usukani. Subiri. Boksi husingiziwa mambo mengi ambayo si yake. Ile 109 yangu, Landrova ndefu ya Series III iliyostaafu jeshini, ilikuwa na ugonjwa huohuo na boksi lake halikuguswa. Unaikumbuka, ile iliyokuja na difu nyeupe, lile bakuli la gia katikati ya ekseli ya nyuma? Wanajeshi huipaka hivyo ili kitaa kilichofichwa chini kiimulike, dereva wa nyuma kwenye msafara aifuate usiku bila kuwasha taa kubwa. Rangi ya kijani nimeiondoa, sitaki maswali barabarani. Hiyo nyeupe nimeiacha.

Kabla ya kushika spana, mweke kijana kwenye usukani auchezeshe taratibu kulia kushoto, matairi yakiwa chini. Wewe jilaze uvunguni, uweke kiganja kwenye kila boljointi, yaani kiungo chenye kichwa cha duara kwenye ncha za fimbo za usukani. Ziko 6: mbili kwenye fimbo itokayo kwenye boksi kwenda kwenye rilei (kipokezi cha usukani, nitakieleza chini), mbili kwenye fimbo ya kutoka rilei kwenda gurudumuni, na mbili kwenye tairodi, fimbo inayounganisha magurudumu mawili ya mbele. Iliyokufa utaisikia ikigonga kiganjani kabla hujaiona. Kisha piga jeki, shika tairi juu na chini ulitikise. Likicheza, kijana akanyage breki. Mchezo ukipotea, tatizo ni bearing za gurudumu. Ukibaki, tazama pini za swiveli, zile ambazo gurudumu hugeukia. Hayo yamalizwe kwanza, vinginevyo boljointi mpya utazitupia lawama bure.

Kuzitoa boljointi, usigonge ncha yenye hesi. Legeza nati bila kuitoa, mtu aegemeze nyundo nzito upande mmoja wa jicho la mkono, yaani tundu boljointi ilimoingia, wewe piga upande wa pili. Inachomoka yenyewe. Andika urefu wa kila fimbo kabla ya kufungua. Upande mmoja una hesi za kulia na mwingine za kushoto, kwa hiyo baadaye unazungusha fimbo yenyewe kuirefusha au kuifupisha, kisha unakaza klempu.

Sasa rilei. Hapa ndipo tulipotokwa jasho. Ni kile kisilinda kilichosimama wima ndani ya boriti ya mbele ya chasisi, kina mkono juu na mkono chini. Mkono wa juu ukienda na wa chini ukichelewa, umempata mwizi. Lakini anza na rahisi: nyingi zimekauka tu. Toa bolti mbili za juu zinazotazamana, tia mafuta ya gia EP90 kwenye tundu moja, hewa itokee jingine.

Yangu haikuponea hapo. Kutu ilikuwa imeigandisha na chasisi utadhani vilizaliwa pamoja. Tukatoa grili, tukamwaga mafuta ya kulegeza kutu, tukapiga moto wa gesi, nyundo, mafuta tena, hadi ikakubali. Na nakuomba sana, asiifungue mtu kwa pupa. Ndani kuna springi nene iliyobanwa kati ya bushi zilizopasuliwa nusu nusu, ikifyatuka inavunja taya. Sisi tuliitia kwenye gunia la katani ndipo tukagonga shafti itoke. Kila kitu kikatawanyika humohumo guniani. Kurudisha, bana bushi kwa klipu za mpira wa radieta, kisha zisukume ndani taratibu, klipu zikibaki nje.

Alaimenti unaweza kuifanya mwenyewe. Matairi ya mbele yanatakiwa yakaribiane mbele kuliko nyuma kwa milimita 1.2 hadi 2.4. Sakafu iwe tambarare, sukuma gari mbele kidogo, usilirudishe nyuma, ndipo upime kwa usawa wa katikati ya gurudumu.

Tulipoijaribu hadi Usa River ilikwenda imetulia, mkono mmoja unatosha. Kulegea kidogo kumebaki. Hiyo ni Landrova, si Corolla.

Piga picha rilei yako kwa juu na kwa chini unitumie, na useme kama inavuja. Boljointi za kulia na kushoto nitakuulizia hapa, usinunue moja moja huko. Nawe nitafutie gunia jingine la katani, lile limeloa mafuta.

Wako,
Juma