Panda darini kabla mteja hajapanda

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wenzangu wa Moshi na Arusha wanaojiandaa kuuza nyumba, hasa sisi wazee tunaouza ili turudi kihambani, kwenye shamba la ukoo. Mimi ni muuguzi mstaafu na mjane. Nyumba yetu ya Pasua tulianza kuijenga na marehemu mume wangu mwaka 1987, kidogo kidogo, kila mshahara na matofali yake. Januari mwaka jana niliamua kuiuza nikakae na dada yangu Kibosho.

Upande wa karatasi nilikuwa sawa. Hati ipo, mahakama ilishaniteua msimamizi wa mirathi, kodi ya ardhi sidaiwi. Nikaona nimemaliza. Dalali akanishauri nipige rangi, na zile silingi bodi za sebuleni zenye madoa nizing'oe niweke jipsamu. "Mama, mteja ananunua kwa macho," akaniambia. Nikatoa zaidi ya shilingi milioni moja, nyumba ikang'aa, tukatangaza milioni 85.

Mteja wa kwanza, kijana mwenye heshima zake, alikuja na fundi wake. Fundi hakuhangaika na rangi. Aliomba ngazi, akapanda darini kupitia tundu la koridoni, akakaa huko karibu nusu saa. Kisha akaniita, "Mama, hebu panda kidogo uone." Nikapanda hadi kichwa kikatokeza. Akamulika tochi kwenye kenchi, yaani fremu ya mbao inayobeba paa, ya pili kutoka jikoni, akaigusa mbao kwa bisibisi. Bisibisi ikazama hadi mpinini bila kutumia nguvu, kama kisu kwenye parachichi lililoiva. Ndani ulikuwa udongo mtupu. Mchwa walikuwa wamekula mbao wakaacha ganda, na njia yao ya udongo, nene kama kidole, ilishuka ukutani hadi nyuma ya ile jipsamu yangu mpya.

Kijana hakunigombeza. Aliuliza tu, "Mama, hii silingi umeweka lini?" Nikamjibu, mwezi uliopita. Akanyamaza. Nikaelewa anachofikiri, kwamba nimeficha. Mhariri, nimefanya kazi wodini miaka 34 na sikuwahi kumdanganya mgonjwa. Hilo liliniuma kuliko fedha. Siku tatu baadaye dalali akaniletea ofa ya milioni 60 kutoka kwa mtu ambaye hata nyumba hajaiona, maana habari za mchwa zilishafika kijiweni.

Nikasimamisha biashara. Nikatafuta mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, pamoja na fundi umeme mwenye leseni, nikawalipa wanikagulie mimi muuzaji. Walishinda kwangu siku nzima. Kumbe mambo yalianzia kwenye gata ya nyuma. Ilikuwa imetobolewa na kutu, maji ya masika yakawa yanalowesha ukuta na ncha za kenchi mwaka hadi mwaka, na chini ya ukuta huohuo ndipo nilipokuwa napanga kuni. Mchwa walipanda kutoka kwenye kuni zangu. Na yale madoa kwenye silingi ya zamani ndiyo yaliyokuwa yakinieleza kwamba maji yanaingia. Niliyang'oa nikayatupa.

Fundi umeme naye alifukua fimbo ya ethi nyuma ya bafu akakuta waya wake umeliwa na kutu hadi umekatika. Waya huo ndio unaopeleka umeme ardhini pale unapovuja kwenye chombo. Wajukuu wangu walikuwa wakioga humo kwa maji ya hita kila likizo. Usiku ule sikulala.

Kulikuwa pia na ufa kwenye kona ya chumba cha wageni, unapanda kama ngazi kufuata matofali. Nilidhani msingi umekwisha. Udongo wa kiwanja changu ni mweusi, unavimba masika na kupasuka kiangazi. Mhandisi akachora mstari wa penseli kukatiza ufa, akaandika tarehe ya Februari pembeni, akasema tusubiri mvua ipite. Mwezi Juni mstari ulikuwa palepale, haujaachana hata unywele. Ufa wa zamani uliokwisha kutulia.

Kenchi tatu za mbao zilizotiwa dawa, gata mpya, dawa ya mchwa kuzunguka msingi na waya wa ethi vilinigharimu shilingi 3,200,000. Mteja aliyefuata nilimpa ripoti, risiti na picha kabla hajaomba ngazi. Alipanda hata hivyo, na alifanya vyema. Tukauziana milioni 80.

Jirani yangu mmoja alinilaumu: ukishakagua umejua, na ukijua itabidi useme, bora usijue. Sikubaliani naye kabisa. Kuficha kwa makusudi jambo unalolijua ni udanganyifu kwa Sheria ya Mikataba, hilo kweli, lakini kutojua hakukunisaidia hata chembe mbele ya yule kijana. Wengine huniuliza kama mthamini hatoshi. Mthamini anakupa thamani ya mali, na ni kazi ya lazima, ila hakuna aliyemtuma achokonoe kenchi kwa bisibisi.

Nawaomba wahandisi wetu wa Moshi na Arusha watangaze kazi hii ya kumkagulia muuzaji, kwa bei ambayo mstaafu ataimudu. Wengi wetu hatujui hata kama inafanyika. Na asiye na fedha ya mhandisi amwombe fundi anayemwamini apande naye darini mvua ikiwa inanyesha, wakiwa na tochi na bisibisi, kabla ya kununua hata kopo moja la rangi. Anayetaka kuuza Julai, aanze Aprili.

Muuguzi mstaafu,
Pasua, Moshi