Ile namba kubwa kwa memori kadi si ya kurekodi

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niongee juu ya memori kadi, najua kuna mtu atasema hii ni mambo ya mafundi lakini Nairobi hii sasa kila ploti ina kijana anapiga video za harusi, na wengi wetu tunanunua kadi vile tunanunua njugu, unaulizia bei unaondoka.

Mimi nilinunua yangu Luthuli. Ilikuwa imeandikwa 100 kwa herufi kubwa, muuzaji akaniapia hii inakimbia kuliko nduthi. Jumamosi nikaenda nayo ruracio, ile sherehe ya mahari, huko Ruiru. Wazee washakaa, shangazi ya msichana akasimama kuanza wimbo, kamera ikakata. Kwa skrini inaniambia kadi ni slo. Nikabonyeza tena, ikaenda sekunde kadhaa ikakata tena, na hadi leo ukiangalia hiyo video unaona mama anafungua mdomo halafu ghafla watu wanapiga makofi na wimbo wenyewe hakuna.

Kumbe ile 100 ni spidi ya kusoma, yaani ya kutoa video kwa kadi ukipeleka kwa kompyuta. Kurekodi ni kuandika, na ya kuandika hawakupigii kelele nayo. Tena si ile ya juu kabisa unataka, unataka ile kadi imeahidi haitashuka chini yake hata ukirekodi mfululizo, na hiyo imefichwa kwa vialama vidogo. 10 ikiwa ndani ya C ni megabaiti 10 kwa sekunde. 1 ndani ya U pia ni 10, 3 ndani ya U ni 30. Halafu kuna V, hii ndiyo ya video hasa na haina mafumbo: V30 ni 30, V60 ni 60, V90 ni 90. Yangu ilikuwa na U ya 1.

Sasa hapa ndipo wengi tunapigwa chenga. Kamera yangu nikiiweka 4K, ile video ya picha safi sana, inasema 100, nikadhani 100 kwa 100 tumemalizana. Lakini kamera inahesabu megabiti na kadi inahesabu megabaiti, na baiti moja ni biti 8. Kwa hivyo gawanya kwa 8, unapata 12.5. Kadi ya kuahidi 10 itakufa hapo, labda ikuonee huruma siku moja moja, ya V30 inabeba bila jasho. Zile kamera kubwa za kurekodi megabiti 400 zinataka 50, hapo ni V60. Kama huna kamera kama hiyo usiuziwe V90, bei yake itakutoa machozi na kamera haitajua tofauti. A1 na A2 ni za kuweka app kwa simu, achana nazo.

Kuna na zile feki, kwa karatasi nafasi ni gigabaiti 128, ndani hata robo haifiki. Programu ya bure inaitwa H2testw inajaza kadi yote halafu inaisoma tena, ukweli unatoka. Inachukua muda, wacha ichukue, afadhali usubiri nyumbani kuliko mbele ya wakwe.

Wauzaji nao, tafadhali, mtu akisema anataka kadi ya video msimwambie kadi ni kadi. Muulizeni kamera yake inarekodi ngapi. Na wewe Mhariri, kama ule ukurasa wa teknolojia una nafasi, wekeni picha ya hizo alama, C, U na V, mtu akate aweke kwa waleti akienda tauni.

Yule shangazi bado hupiga simu kuuliza wimbo wake nitamletea lini.

Mpiga video,
Kayole, Nairobi