Kwa rafiki aliye Nakuru, kuhusu mipaka inayofyonza mawimbi

Milimani, Kisumu

Rafiki yangu mpendwa,

Natumaini hujambo pamoja na jamaa wote hapo Nakuru. Nimeipokea grafu ya antena yako uliyoiiga kwenye kompyuta, na kwa maoni yangu kile kilima kidogo kinachojitokeza baada ya mpigo mkuu kufifia hakitoki kwenye antena hata kidogo, bali ni mwangwi wa ukingo wa gridi, yaani wa zile seli ndogo ambazo kompyuta huigawa nafasi kwazo.

Mbinu ya Yee ya mwaka 1966, inayotumika katika hesabu hii, hukokotoa uga wa umeme na wa sumaku wa kila seli kwa kutazama majirani zake, na seli ya ukingoni haina jirani upande wa nje. Ukiipa sifuri, umejenga ukuta wa chuma unaorudisha mawimbi. Sharti la mpaka la Mur la mwaka 1981, ambalo wewe umelitumia katika daraja lake la kwanza, hufyonza vizuri wimbi linaloukabili mpaka moja kwa moja, lakini likija kwa mshazari wa nyuzi 45, takriban asilimia 17 ya ukubwa wake hurudi, na kwa nyuzi 60 ni theluthi nzima. Antena ndogo kama yako hurusha mawimbi kila upande, basi shida hiyo haikwepeki.

Ningekushauri uizungushie gridi tabaka la kufyonza mawimbi alilolibuni Jean-Pierre Bérenger mwaka 1994. Ndani yake uga hugawanywa sehemu mbili, na upitishaji wa umeme huandamana na upitishaji wa sumaku, ambao ni wa kubuni tu, na viwili hivyo vikiwiana ipasavyo impidansi (uwiano wa uga wa umeme na wa sumaku) haibadiliki mpakani, hivyo wimbi huingia bila kuakisiwa, liwe la masafa yoyote na pembe yoyote. Hiyo ni nadharia. Kwenye gridi, uga wa umeme na wa sumaku hupishana kwa nusu seli, kwa hiyo upitishaji ukipanda ghafla uakisi huzaliwa upya. Upandishe taratibu, kwa kipeo cha 3 au 4 cha kina, katika seli kama 10, ili wimbi lififie kama yale ya ziwa yanavyofia ndani ya mafunjo ya Dunga, hapa Kisumu.

Tena usilisogeze tabaka karibu mno na antena, lisije likavuruga uga wake wa karibu: kwa gigahezi 2.4 urefu wa wimbi ni sentimita 12.5, nami huacha nusu yake.

Ukitaka ushahidi, rudia hesabu kwenye gridi kubwa ambayo mwangwi wake hautawahi kurudi kabla ya muda kwisha, kisha uliondoe jibu moja kutoka kwa jingine. Kitakachobaki ndicho kosa la mpaka. Kompyuta italemewa, kwa hiyo iache ifanye kazi usiku, nawe unitumie tofauti hiyo kabla hujagusa vipimo vya antena.

Wako akupendaye