Kabla ya kununua pedeli, pindua kiatu

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nijibu makala ya Jumamosi iliyopita, ile ya ukurasa wa michezo iliyowapa ushauri vijana wanaotaka kuanza baiskeli za mbio. Mwandishi kaandika vizuri kuhusu tandiko na usukani, na hapo sina ugomvi naye. Ila alipofika kwenye pedeli za kunasa, akamshauri mtu ambaye ndiyo kwanza anaanza, tena mwenye mfuko mwembamba, ajinyime mpaka apate za kaboni, eti kwa sababu ni nyepesi. Niliposoma hapo nikaweka gazeti chini, nikavua miwani.

Mimi ni tarishi mstaafu. Miaka 22 nimepeleka bahasha za ofisi kwa baiskeli ya chuma yenye karia nyuma, na pedeli zake zilikuwa zile za mpira, za kukanyaga tu basi. Baiskeli ya mbio nimeipata uzeeni, ikiwa imeshapita kwa watu wawili kabla yangu. Kwa hiyo nikisema pesa kidogo nasema pesa ya pensheni, na kila kosa nitakalolitaja hapa nimelilipia mwenyewe.

Kwa wasiozijua: pedeli ya kunasa ina mdomo wenye springi, na chini ya soli ya kiatu hufungwa kipande kidogo kinachoitwa kliti. Ukikanyaga, kliti inaingia mdomoni, ta!, mguu umeshikwa. Kutoka, unazungusha kisigino kwa nje. Wazo lilitoka kwenye michezo ya theluji. Kampuni ya Look ya Ufaransa, iliyokuwa ikitengeneza vifungio vya viatu vya kuteleza kwenye theluji, ilizitoa mwaka 1984, na mwaka uliofuata Mfaransa Bernard Hinault akashinda mbio za baiskeli za Tour de France akiwa nazo. Kabla ya hapo mguu uliingizwa kwenye kizimba cha chuma ukakazwa kwa mkanda, na ukitaka kuutoa sharti uiname ulegeze mkanda kwa mkono huku baiskeli inakwenda. Kizimba hicho ndicho kilichoitwa klipu, na ndiyo maana Waingereza mpaka leo huziita hizi mpya pedeli "zisizo na klipu", wakati ndizo zinazobana kwelikweli.

Sasa hoja yangu. Pedeli hainunuliwi peke yake. Unanunua vitu vitatu vinavyopaswa kuoana, yaani pedeli, kliti na viatu, na kati ya hivyo pedeli ndiyo inayodumu kuliko vyote. Kliti inaisha. Kiatu kisipokutosha hutakivaa, na hata pedeli ya kaboni itabaki ikining'inia kama pambo. Mwenye pesa kidogo aanze na kiatu, aje kwenye kliti, pedeli iwe ya mwisho. Makala yenu ilianza mwisho ikaishia hapohapo.

Hili silisemi kwa kulisoma popote. Pedeli zangu za kwanza nilizinunua kwa mtu, zimetumika lakini zinang'aa, bila kliti. Akaniambia, "Mzee wangu, hizo ni za Look, kliti za Look utapata popote." Nikatafuta kliti za Look nikapata, mpya, ndani ya pakiti yake. Nikazifunga kwenye viatu jioni ile ile, nikaegemeza baiskeli ukutani, nikakanyaga. Kimya. Nikakanyaga kwa nguvu zaidi, baiskeli ikateleza ukutani na mimi juu yake. Mwishowe nikavua kiatu, nikakaa chini na kukibonyeza kwenye pedeli kwa mikono miwili kama mtu anayefunga sanduku lililojaa kupita kiasi. Ndipo fundi mmoja aliponifungua macho: pedeli zilikuwa za aina ya zamani inayoitwa Delta, na kliti zilikuwa Keo, zilizokuja baadaye. Kampuni moja, umbo la pembetatu lile lile, boliti tatu zile zile, na haziingiliani hata kidogo. Nilikuwa nimenunua mdomo wa huku na ulimi wa kule.

Kwa hiyo kijana akienda kutafuta, akipindue kiatu kabla ya kuuliza kingine chochote. Ahesabu matundu ya soli. Matundu matatu yaliyokaa pembetatu ni ya mfumo wa baiskeli za mbio, kliti kubwa ya plastiki inayotokeza nje ya soli. Mistari miwili mifupi ya kupitishia boliti mbili ni mfumo uliotokana na baiskeli za milimani, ule ambao Shimano, kampuni ya Japani ya vifaa vya baiskeli, waliutoa mwaka 1990 wakauita SPD: kliti ndogo ya chuma, imezama ndani ya soli ya mpira. Viko viatu vyenye yote mawili. Ukishajua kiatu kinataka nini, nusu ya maduka umeshayaondoa kwenye safari yako.

Mimi namshauri mwenye pesa kidogo achukue boliti mbili, hata kama baiskeli yake ni ya mbio na wenzake watamcheka. Kliti ya plastiki inalika kila unaposhuka kutembea, na juu ya sakafu ya vigae inateleza kama sabuni. Nimemwona mtu mzima akiingia mlangoni kwa kushika ukuta, hatua za bata. Ya chuma iliyozama haigusi sana ardhi, kwa hiyo inakaa muda mrefu zaidi, nawe unatembea kama binadamu. Tena pedeli nyingi za mfumo huo zina mdomo pande zote mbili, juu na chini. Hilo dogo lisikupite. Pedeli ya boliti tatu ina mdomo upande mmoja tu, nayo hujilaza kwa uzito wa nyuma, kwa hiyo taa zikiwaka kijani unatakiwa uinyanyue kwa ncha ya kiatu kwanza, huku lori linapiga honi mgongoni.

Uzito? Nimeupima moyoni mara nyingi. Shimano M520, pedeli ya chuma ya pande mbili ambayo imekuwa kimbilio la wasio na pesa kwa miaka, jozi yake ni kama gramu 380. Zao za boliti tatu za bei ya chini, R550, zenye umbo la plastiki ngumu, ni kama gramu 310. Tofauti ni gramu 70, sawa na mililita 70 za maji. Mwaga mafunda mawili ya chupa yako kabla ya mlima, mmelingana. Viatu vya boliti mbili kweli huwa vizito kidogo, sikatai, lakini anayeanza hana mlima wa kumwonyesha tofauti hiyo.

Na habari kwamba ukinaswa utapata nguvu kubwa kwa kuvuta pedeli juu, tuizungumze taratibu. Waliopima nguvu kwenye pedeli wameona kwamba hata wazoefu nguvu zao karibu zote hutoka kwenye kusukuma chini. Faida ninayoiona mimi ni kwamba mguu hautoroki barabara inaporusha, na unarudi mahali pale pale kila siku.

Mahali pale pale ndipo magoti yanapoingia. Pedeli nzuri humwachia mguu mchezo kidogo, kisigino kiyumbe kushoto na kulia bila kuchomoka. Kwa kliti za Shimano za boliti tatu, njano zinaachia nyuzi 6 za pembe, bluu nyuzi 2, nyekundu sifuri. Kwa Keo za Look nyekundu ndizo zenye mchezo mkubwa kuliko zote, nyuzi 9, kijivu 4.5, na nyeusi sifuri. Yaani nyekundu ya huyu ni uhuru, nyekundu ya yule ni pingu! Ukiazima rangi ya jirani bila kuuliza kampuni, goti lako litakujibu baada ya wiki mbili. Anayeanza asiguse sifuri.

Bado kuanguka. Utaanguka, tena umesimama, mwendo hakuna, watu wanakutazama. Mimi yangu ilikuwa makutanoni: nilitoa mguu wa kulia vizuri kabisa, halafu baiskeli ikaegemea kushoto. Chini nikaenda polepole, kama mti. Toa mguu wa upande utakaoegemea, na uutoe mapema kabla hujasimama. Kwenye pedeli kuna boliti ndogo ya springi. Ilegeze mpaka mwisho kwa miezi ya kwanza. Watengenezaji hawakutozi kwa hilo. Kwenye SPD ipo pia kliti inayoachia kwa pande nyingi, SH56, badala ya SH51 inayotoka kwa pembeni tu. Kwa mwoga kama mimi ilikuwa dawa.

Kuna kuanguka kwingine kubaya zaidi, nako ni boliti ya kliti kulegea. Ikilegea, unazungusha kisigino, kiatu kinazunguka, kliti imebaki imenasa palepale. Kaza upya baada ya safari ya kwanza, na kabla ya kufunga paka grisi kidogo kwenye boliti, la sivyo siku ya kubadilisha utazikuta zimeshika kutu.

Atakayenunua zilizotumika kama mimi, ashike ekseli ya pedeli aitikise. Ikicheza, gololi au bushi za ndani zimechoka. Aizungushe kwa vidole: ikikwaruza kama yenye mchanga, aiache, ikizunguka kama pia isiyotaka kusimama, asifurahi haraka, huenda grisi imekwisha. Aangalie mdomo kama chuma kimelika. Na aulize kliti. Jozi mpya kwa kawaida huja na kliti zake ndani ya boksi, lakini viatu haviji nazo, kwa hiyo pedeli ya rahisi isiyo na kliti inaweza kuishia kuwa ghali kuliko mpya.

La mwisho, Mhariri, na hili ndilo lililonifanya nichukue kalamu badala ya kunung'unika nyumbani. Picha iliyoambatana na makala inaonyesha mkono ukifungua pedeli ya kushoto kwa spana, na mshale umechorwa kinyume cha mishale ya saa. Sivyo. Pedeli ya kulia ndiyo inayofunguka hivyo. Ya kushoto ina hesi za kinyume, inafunguka kwa kufuata mishale ya saa, na zimetengenezwa hivyo makusudi ili isijifungue yenyewe unapoendesha. Njia rahisi ya kukumbuka: spana ikiwa imesimama juu ya pedeli, isukume kuelekea gurudumu la nyuma, upande wowote ule, itafunguka.

Mimi nilifanya kama picha yenu inavyoonyesha, miaka mitatu iliyopita. Niliona imekaza, nikatia bomba kwenye mkono wa spana nipate nguvu, nikaegemea kwa uzito wangu wote. Ilitoa mlio nikadhani imekubali. Kumbe nilikuwa nazidi kuikaza, na ilipotoka hatimaye ilitoka na vipande vya alumini ving'avu, hesi za mkono wa pedeli zimekwenda nazo. Mkono huo mpya ulinigharimu kuliko pedeli zenyewe.

Vijana wamekata picha ile wakaibandika ukutani, najua, kwa sababu mjukuu wangu ni mmoja wao. Naomba toleo lijalo mshale ugeuzwe.

Tarishi mstaafu,
msomaji wako wa siku nyingi